Siku Bwawa Lilipong'aa

Hakufa mtu. Naanza na hilo kabisa, maana mimi hadithi za kumning'iniza msikilizaji roho juu sizipendi, na siku ile roho yangu mwenyewe ilining'inia vya kutosha.

Kazi yangu ni kupiga kelele, na serikali ndiyo iliyoniajiri nizipige. Nakaa kiti cha mbele cha gari la Ofisi ya Maji, kipaza sauti mkononi, spika mbili juu ya paa, na mtaa kwa mtaa nawaambia watu mambo wasiyotaka kuyasikia: kesho maji hakuna, bomba limepasuka, msichimbe hapa, msifulie pale. Mji mzima unaniita Spika. Mume wangu huniita hivyo akikasirika, na akifurahi huniita hivyo hivyo, kwa hiyo mpaka nimtazame usoni ndipo nijue nimekosa au nimependwa.

Mwaka ule nilikuwa natangaza kijani. Bwawa linalonywesha mji wetu lilivaa utando wa kijani kibichi, mzito kama rangi ya mlango iliyomwagwa, na harufu yake ilifika hadi sokoni. Ulikuwa mwani. Mwani wa kawaida tumeuzoea, unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, lakini huu ulikuwa na sumu ya kuharibu ini. Mbuzi kadhaa walikunywa ukingoni, jioni wakaokotwa wamekakamaa.

Serikali tumezoea kuisema, na mimi nikiwa ndani yake naisema zaidi, lakini safari hii iliamka mapema. Bendera nyekundu zilichomekwa kuzunguka bwawa lote. Wakaguzi walipanda mto hadi mashambani kuwaomba wakulima wasiweke mbolea karibu na kingo, kwa kuwa mbolea inayonenepesha mahindi ikisombwa na mvua hunenepesha mwani vilevile. Kiwanda cha sabuni kilifungiwa mfereji wake wa maji machafu, mwenye kiwanda akapiga kelele kuliko mimi. Kila asubuhi Mkemia wa maabara yetu, dada mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, alijaza chupa zake bwawani na kuzipima. Kijani kikikaribia bomba la kuvuta maji, bomba linafungwa, na malori ya tangi yanaleta maji ya visima virefu kutoka upande wa pili wa mji. Hospitali ilikuwa ya kwanza kupelekewa, shule zikafuata, mitaa ikasubiri zamu.

Na mimi nikatangaza. Nilitangaza mpaka koo likawa kama limekwanguliwa. "Ndugu wananchi, maji ya bwawa yasinywewe, yasipikiwe, watoto wasiogelee! Kuyachemsha hakuondoi sumu hii, narudia, kuyachemsha hakuondoi!" Wakinisikia walinipungia mkono wakaendelea kuchota. Mzee mmoja wa duka la vyuma alinifuata dirishani akanicheka: "Wewe Spika, umeolewa na fundi wa maji halafu unatuambia tusinywe maji? Huko ndani mmegombana?" Watoto waliniigiza wakitumia kopo. Nikasema moyoni, sikio la kufa halisikii dawa, lakini nikapita tena kesho yake, maana hiyo ndiyo kazi.

Nyumbani sikupata nafuu. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, anaishi nasi. Mimi nikianza kusema yeye hujifanya amesinzia. "Mwanangu hakuoa mke, alioa redio," aliwaambia majirani mbele yangu, "na kitufe cha kuizima hawakumpa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda jikoni kusugua sufuria iliyokwisha takata.

Figo za Bi Mkubwa zilikuwa zimechoka. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kukalia mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo hunywa maji kama jeshi zima. Mkemia alinieleza mapema kwa nini hospitali iliwekwa mbele ya wote. "Anayekunywa sumu kidogo," alisema, "tumbo lake na ini lake vinapambana kwanza. Aliye kwenye mashine, kati ya damu yake na maji kuna ngozi nyembamba tu. Sumu ikipenya hapo, hatuna la kufanya."

Wiki ile Bi Mkubwa alikuwa vibaya. Lori la maji lilikwama njiani, zamu yake ikakatishwa katikati, akarudi nyumbani miguu imevimba na pumzi fupi. Usiku alilala ameketi. Daktari alituita pembeni, mimi na mume wangu, akatuambia bila kuzunguka: zamu inayofuata asiikose kwa namna yoyote, akiikosa, daktari hatatuahidi kitu. Njia nzima mume wangu alihesabu kwa vidole siku zilizobaki. Yule ni kitinda mimba wa mama yake, na ukimgusa mama yake umemgusa jicho.

Sasa niwaeleze mume wangu ni nani. Watu humwita Fundi, naye ndiye msimamizi wa mtambo wa maji, pale bomba linapovuta maji bwawani na kuyapitisha kwenye vichujio. Kazi aliirithi kwa mafundi wa zamani pamoja na desturi zao, na desturi iliyo kubwa kuliko zote ni ya sahani. Wana sahani nyeupe ya bati, imetobolewa katikati na kufungwa kamba yenye fundo. Asubuhi fundi anaishusha bwawani mlangoni pa bomba. Ikionekana mpaka fundo linapogusa maji, valvu inafunguliwa. Isipoonekana, valvu inafungwa. Hata Ofisi ilikuwa inaiheshimu sahani ile, maana miaka yote kabla ya mwani wa sumu haikuwahi kumdanganya mtu. Fundi anayajua maji kwa macho kama mshonaji anavyojua kitambaa kwa vidole. Na maji yakichafuka, mafundi wa zamani walikuwa na dawa yao: mrututu, ile chumvi ya bluu inayoua ukungu shambani. Wanamwaga mrututu, mwani unakufa na kuzama, sahani inaonekana, mji unakunywa.

Mwaka ule waraka ulikuja kutoka wizarani ukapigwa msumari kwenye mlango wa mtambo: mrututu marufuku mpaka kijani kiishe. Mume wangu aliusoma. Aliniambia ni maneno ya watu wa ofisini wanaoogopa kutumia dawa wasije wakalaumiwa. Mimi na yeye tulibishana kidogo, kisha chakula kikaiva.

Asubuhi ya zamu ya Bi Mkubwa, mume wangu aliingia nyumbani kutoka kazini akitabasamu hadi magego. Mkononi alikuwa na chupa ya maji. Akaiinua dirishani jua likapita ndani yake. Mimi sijawahi kuona maji meupe vile tangu kijani kiingie.

"Umeona, Spika? Umeona? Leo mama anasafishwa damu kwa maji ya mwanawe. Malori yakalale."

"Yamekuwaje hivyo ghafla?"

"Sahani inaonekana mpaka fundo, na zaidi. Nimefungua valvu alfajiri. Bwawa linang'aa, mke wangu, nenda ukaone mwenyewe."

Nilimkumbatia. Kwa nini nisimkumbatie? Nilimkumbatia na chupa yake, nikacheka kwa nguvu mpaka Bi Mkubwa akagonga ukuta kwa fimbo kutoka chumbani kwake. Muda si mrefu mtoto wa shemeji akaja na teksi kumchukua Bi Mkubwa, naye akaondoka akipumua kwa tabu huku akimlalamikia dereva kwamba kiti kina mchanga. Mume wangu akarudi mtamboni. Mimi nikatia chupa mkobani, nikaenda ofisini nikimwazia Mkemia, nione kama kweli huyu dada hajui kucheka.

Alikuwa maabara, amevaa glavu, anapanga chupa zake tayari kwenda bwawani. Nikaiweka yangu katikati ya meza kama mtu aliyeshinda karata.

"Bwawa limepona," nikasema. "Nipe karatasi nikatangaze."

Hakuigusa. Aliinama akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Jana jioni nilikuwa pale. Lilikuwa kijani tupu."

"Basi leo si kijani."

"Mwani haufungashi mizigo usiku mmoja. Mumeo ameweka nini?"

Nikafungua mdomo nimtetee mume wangu, kama mke yeyote, kisha nikakumbuka vidole vyake aliponipa chupa. Kwenye kucha kulikuwa na ubluu. Nilidhani ni wino wa kalamu.

Mkemia aliyaona majibu usoni mwangu. Akavua glavu moja, akakaa. Alizungumza polepole, na ule upole ulinitia hofu kuliko angepiga kelele. "Sikiliza, dada. Huu mwani ni mifuko midogo midogo. Sumu imo ndani ya mfuko. Mfuko ukiwa mzima, kichujio chetu kinaushika, na bwawa linaonekana baya lakini tunaliweza. Ukimwaga mrututu, mifuko yote inapasuka kwa pamoja. Uchafu unazama, maji yanakuwa meupe, na sumu yote imeyeyuka ndani yake. Kichujio hakiioni. Jicho haliioni. Leo ndiyo siku mbaya kuliko zote tangu tuanze."

"Na vichujio vya hospitali?"

"Vinaweza kuizuia. Vinaweza visiizuie, vimechakaa, vipya bado vinasubiriwa. Mimi mama yangu nisingemweka kwenye mashine leo."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo nimeijua tangu shuleni, lakini siku ile niliishika mkononi, ina kizibo cha plastiki. Nilimwona Bi Mkubwa amekalia kiti cha mashine, mkono umenyooshwa, analalamika kuhusu mto, na yale maji mazuri yakipita kando ya damu yake.

Nikampigia mume wangu. Simu ikaita, haikupokelewa. Anapokuwa kwenye vichujio huiacha kwenye koti. Nikapiga hospitali, inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Mkemia alikwishainuka, anampigia mkuu wetu kwa simu ya mezani, nikamsikia akisema "fungeni bomba sasa hivi, na maji yaliyoko kwenye tangi la mji yasitoke." Mkuu akatoka ofisini kwake bila koti, akanikuta mlangoni.

"Spika, panda gari. Anza sokoni, halafu stendi, halafu..."

"Naanza hospitali."

"Utaratibu unasema watu wengi kwanza."

"Utaratibu hauna mama mkwe," nikamwambia, nikashuka ngazi.

Dereva wangu ni bwana mmoja mtaratibu ambaye huendesha kana kwamba ndani ya gari kuna mayai. Nilimwambia neno moja, "Bi Mkubwa," akawasha gari, na mara ya kwanza tangu tufanye kazi pamoja nikamwona akikanyaga mafuta kwa hasira. Mimi nikawasha spika. Karatasi sikuwa nayo, nikasema yaliyokuja mdomoni.

"Ndugu wananchi, maji ya bombani msiyaguse! Najua yamekuwa meupe! Weupe huo ni uongo! Mama, weka chini hiyo ndoo. Wewe wa shati jekundu, nakuona, funga huo mfereji! Maji meupe ya leo ni mabaya kuliko ya kijani ya jana, na aliyesema ni serikali, mimi nimetumwa tu!"

Watu walisimama barabarani. Sijui ni kwa sababu ya maneno au kwa sababu sauti yangu ilikuwa inatetemeka. Yule mzee wa duka la vyuma alikuwa mlangoni kwake na glasi mkononi. Akaimwaga barabarani, taratibu, akinitazama. Sikuwa na nafasi ya kumfurahia.

Tulifika hospitali geti likiwa wazi. Nilishuka kabla gari halijasimama, nikapita korido nikigongana na watu, nikafungua mlango wa chumba cha mashine.

Viti vilikuwa vitupu. Mashine zote kimya, zimepangwa ukutani na mipira yake imeviringishwa. Kwenye kiti cha Bi Mkubwa, kile cha dirishani, khanga yake ilikuwa imekunjwa juu ya mto. Yeye hakuwepo. Mimi nimesema mwanzoni kwamba hakufa mtu, lakini wakati ule hakuna aliyekuwa ameniambia. Nikaishika ile khanga nikaita kwa sauti yangu yote, na sauti yangu mnaijua: "Mama! Mama jamani!"

Sista wa zamu akatokea mlango wa nyuma, kidole mdomoni. "Dada, polepole. Yuko nje."

"Nje wapi? Mmemweka wapi?"

"Amejiweka mwenyewe. Njoo umwone, labda wewe utamweza."

Nyuma ya chumba cha mashine kuna uwanja mdogo wa saruji lilipo tangi la maji la kitengo kile. Lori la maji lilikuwa limeegeshwa pale, mpira mnene umeingizwa kwenye tangi. Kando ya tangi kulikuwa na benchi, na kwenye benchi wagonjwa wote wa zamu ya asubuhi wameketi safu moja na mifuko yao ya dawa, kama watu wanaosubiri treni. Mwanzoni mwa safu, miguu imevimba juu ya kigoda, amekaa Bi Mkubwa, na fimbo yake imelazwa juu ya koki ya maji ya bombani kana kwamba ameikamata.

Alinitazama kuanzia juu hadi chini. Alikuwa anapumua kwa vipande, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Kelele zote hizo za nini? Hapa kuna wagonjwa."

Nilikaa chini kwenye saruji. Sikupanga kukaa, nilijikuta nimekaa. Nikamshika mguu ule uliovimba, nikalia kwa furaha bila aibu mbele ya watu nisiowajua.

Sista ndiye aliyenieleza. Asubuhi walipigiwa simu kutoka mtamboni kwamba bwawa limepona, malori ya hospitali yageuzwe yapelekwe shule. Wakafurahi. Bi Mkubwa alifika wa kwanza, na sista akamwonyesha maji kwenye beseni, akamwambia, "Bibi, leo bahati yako, tazama yalivyo meupe." Bi Mkubwa akayatazama. Akauliza, "Mkwe wangu ametangaza?" Sista akasema mkwe gani. Akasema, "Wa kwenye gari. Ametangaza kwamba maji yamepona?" Sista akasema yeye hajasikia tangazo, lakini simu imepigwa kutoka mtamboni, tena na mwanawe mwenyewe.

"Akasema mwanawe ni mwanawe," sista alinieleza, "lakini mkwe wake bado hajatangaza, na yeye hakalii mashine mpaka mkwe wake atangaze. Nikamwambia, bibi, daktari amesema usikose leo, unajua maana yake? Akasema anajua maana yake. Akatoka na khanga kaiacha, akaja kukaa hapa. Wenzake walipoona hivyo nao wakagoma. Ikabidi tulifukuzie lori, tukalikuta kwenye kona ya shule, tukalirudisha."

Nikamgeukia Bi Mkubwa. "Mama, wewe nyumbani hunisikilizi hata neno moja."

"Nyumbani unasema sana," akajibu. "Ukiwa kwenye gari lako unasema sawasawa."

Hilo ndilo alilosema, wala hakuongeza. Akaanza kuulizia kama kuna mtu aliyemletea chai.

Mume wangu alifika wakati tangi limefika nusu. Alikuja kwa baiskeli ya mtu, amelowa mpaka kiunoni, magoti yana matope. Mkuu alimpata kwa simu ya mlinzi, na yeye mwenyewe alishuka kwenye shimo la valvu akaifunga kwa mikono. Alisimama kwenye kona ya jengo asithubutu kusogea. Alimwona mama yake yuko kwenye benchi, yuko hai, anabishana na mtu kuhusu sukari, akaegemea ukuta akajifunika uso kwa kofia yake. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mimi ningeweza kumsema. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni, matamu, yamepangwa kwa safu. Nikayameza, maana mtu aliyekwisha kujipiga huhitaji kumpiga.

Bi Mkubwa alimwita kwa fimbo. Akaja, akapiga magoti kwenye saruji.

"Mama, ni mimi niliyeweka mrututu. Nilitaka upate maji masafi. Nilitaka usilale umeketi tena. Niliitazama sahani, nikaiona mpaka chini, nikasema Mungu amenijibu." Alivuta kamasi. "Ningekuua, mama. Kwa mikono yangu."

Dereva wa lori alijifanya anakagua tairi. Bi Mkubwa alimwekea mwanawe mkono kichwani, mkono wenye makovu ya sindano, akamfuta tope kwenye sikio kama vile anaenda shule.

"Mwenzako unayelala naye nyumba moja anapita mji mzima akisema maji ya bwawa yana sumu isiyoondoka hata kwa kuchemshwa. Ulimwuliza?"

"Sikumwuliza."

"Basi mwulize sasa."

"Nimwulize nini?"

"Maji haya ya lori. Mimi nimechoka, nataka kukaa kwenye mashine. Mwulize mkeo kama yanafaa."

Mume wangu akanigeukia, bado yuko magotini. Macho mekundu, na kofia kaikunja mkononi. Miaka yote tuliyokaa pamoja ananitania, ananibishia, ananipenda kwa njia zake, lakini hajawahi kuniuliza jambo la maji. Maji yalikuwa yake. "Mke wangu," akasema, wala hakuniita Spika, "maji haya yanafaa?"

Nisingejibu kwa kubahatisha, si pale. Nilitoa simu nikampigia Mkemia, nikamsomea namba ya lori iliyoandikwa mlangoni, nikasubiri akipekua karatasi zake. Akasema kisima kile kimepimwa asubuhi hiyo hiyo na hakina kitu. Nikamwomba arudie. Akarudia, na naapa nilisikia kitu kama kicheko mwishoni.

"Yanafaa," nikasema.

Bi Mkubwa aliondoa fimbo kwenye koki. "Haya. Nichomekeni, kabla hajabadilisha mawazo."

Tulimwinua, mimi upande mmoja na mwanawe upande wa pili, alikuwa mzito kwa maji aliyoyabeba mwilini, na tukampeleka hatua kwa hatua mpaka kiti chake cha dirishani. Sista alimchoma sindano, mashine ikaanza kuzunguka, damu ikatoka nyekundu kwenye mpira ikaenda ikarudi. Tulisimama tukiitazama kama watu waliopeleka mtoto kliniki. Baada ya muda pumzi yake ikaanza kuwa ndefu. Mume wangu aliishusha pumzi yake pamoja na ya mama yake, mpaka nikadhani ataanguka, nikamsukumia kigoda.

Mambo ya ofisi yalikuja baadaye. Alisimamishwa kazi, akahojiwa, akarudishwa chini ya msimamizi mwingine, na sahani ikapelekwa kwa Mkemia, ambaye anaitumia bado, ila hafungui valvu kwa kuitegemea hiyo peke yake. Tangi la mji lilimwagwa lote, mabomba yakasuuzwa, na watu waliokunywa asubuhi ile walifuatiliwa nyumba kwa nyumba. Walioumwa tumbo waliumwa, wakapona. Kijani chenyewe kilipungua polepole kadiri mashamba yalivyoacha kukileta na kiwanda kilivyojenga mashimo yake ya kusafishia. Hakikuisha kwa kishindo. Siku moja tu Mkemia alinipa karatasi, nikaisoma mtaani, na watu wakafungua mifereji baada ya mimi kumaliza kusoma, si kabla.

Lakini hayo ya mbele. Siku ile, pale dirishani, Bi Mkubwa alifumbua jicho moja akanikuta bado nimesimama.

"Unangoja nini?"

"Nakuangalia, mama."

"Mimi nina huyu," akasema, akimwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Mtaa wa juu hawajasikia. Nenda ukawaambie."

Nikamfunika khanga yake, nikatoka. Dereva alikuwa ameshawasha gari.